Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya silaha za raia: risasi iliyogoma tuipeleke wapi?

Kwa wakuu wa ofisi zinazotoa leseni za silaha kwa raia, na kwa wanaosimamia viwanja vya kulengea shabaha,

YAH: RISASI ZINAZOGOMA KUFYATUKA NA MAHALI PA KUZISALIMISHA

Waheshimiwa,

Tafadhalini husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa silaha mwenye leseni, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisimama nyuma ya mstari wa kufyatulia siku za mazoezi, kazi yangu ikiwa ni kuangalia mitutu imeelekea wapi na vidole viko wapi. Ninaandika kuhusu kitu kinachoenea kwenye kiganja, lakini ambacho sijapata kukiona kimetajwa katika karatasi yoyote niliyopewa tangu siku nilipoomba leseni, nacho ni risasi iliyogongwa ikakataa kulipuka.

Karatasi hizo zinaeleza vizuri namna ya kufunga kabati, nani ashike ufunguo, silaha isafirishwe vipi na upotevu uripotiwe kwa nani. Risasi nazo zinahesabiwa: zilizonunuliwa, zilizotumika, zilizobaki. Ila kati ya iliyotumika na iliyobaki ipo ya tatu, ambayo fataki yake, yaani kile kidude cha duara kilicho kwenye kitako cha ganda na kinachowasha baruti, imekwisha kugongwa, baruti yake bado imo ndani kamili, na kichwa chake bado kimekaa mdomoni mwa ganda. Hiyo haina safu yake kwenye daftari, na kwa kuwa haina safu, haina pa kwenda.

Asubuhi moja ya mazoezi, kijana aliyekuwa katika siku yake ya pili au ya tatu alivuta kifyatulio, na badala ya mlio tukasikia ta! ya chuma kikigonga chuma. Alifanya kile ambacho karibu kila mgeni wa silaha hukifanya: aliishusha bunduki kutoka begani akailaza ubavu ili aichungulie, na katika kuilaza, mtutu ukapita juu ya magoti ya jirani yake. Nikamwambia, bila kupaza sauti sana kwa sababu mtu akishtuliwa huku kidole kiko kwenye kifyatulio hushtuka nacho, “Mwanangu, rudisha mtutu mbele. Kidole nje. Usifungue kitu.” Tukasimama vile, yeye na mimi, tukihesabu polepole mpaka 30. Ni hesabu ndefu mno kwa mtu aliyeshika bunduki ambayo haieleweki imekusudia nini, na alipofika 17 aliniangalia kwa pembe ya jicho, kama anayeuliza kama si utani. Kisha akafungua bolti huku uso ameuweka kando, risasi ikadondoka kwenye mkeka, nami nikaiokota. Katikati ya fataki palikuwa na alama hafifu ya pini, ule msumari wa bunduki unaoigonga, kama alama ya ukucha kwenye sabuni.

“Sasa hii, mzee, naitupa wapi?”

Nilikuwa nimevaa kizibao cha usimamizi, nina filimbi shingoni, na sikuwa na jibu. Niliitia kwenye kopo langu, ambamo zilikuwamo nyingine 10 za namna hiyo.

Kabla ya kurudi kwenye kopo, ni lazima niseme kidogo kuhusu nusu dakika ile ya kwanza, kwa sababu utunzaji wa risasi iliyogoma huanzia hapo, na kwa sababu silaha isipolia inavyopaswa kunaweza kuwa na mambo matatu ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni kwamba risasi imegoma kabisa. La pili ni kwamba imechelewa: unga wa fataki umeshika moto kwa unyonge, baruti haijaitikia bado, na inaweza kuitikia huku mtu ameshafungua chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, na kuinamisha paji la uso juu yake. Kwa risasi za kiwandani za siku hizi uchelewaji huo kwa kawaida ni sehemu ya sekunde, na wapo wanaocheka wakituona tukihesabu mpaka 30, lakini hesabu hiyo imewekwa ndefu kwa makusudi ili isimhitaji mtu yeyote kukadiria. Kwa magobori, ambamo cheche inaweza kufuka ndani ya baruti nyeusi, walimu wengi huongeza muda huo, nami ninawaunga mkono.

La tatu ndilo ninaloliogopa kuliko yote, nalo wala si kimya. Ni mlio mdogo, pu, kama kizibo kikichomoka, na msukumo begani usio na nguvu. Hapo fataki peke yake, au baruti pungufu, imekisukuma kichwa cha risasi hadi ndani ya mtutu kikakwama. Asiyejua hudhani risasi ilikuwa dhaifu tu, hukoki tena, na risasi inayofuata hukuta njia imezibwa. Mtutu hauna namna: unavimba au unapasuka, na mkono wa mbele wa mpigaji uko palepale. Katika hali hiyo kusubiri peke yake hakutoshi. Risasi zote huondolewa kwenye silaha, na ufito wa kusafishia hupitishwa mtutuni mpaka utokee upande wa pili, ndipo mtu aruhusiwe kuendelea. Ufito huo unapaswa kuwa mstarini, si ndani ya gari la mtu.

Shotigani zina mtego wao. Geji ni kipimo cha upana, na namba ikiwa kubwa upana ni mdogo: risasi ya geji 20 ni nyembamba kuliko chemba ya geji 12, kwa hiyo ikitumbukizwa humo kwa bahati mbaya huteleza mbele na kukwama mtutuni, mahali ambapo pini haiifikii. Mpigaji anavuta, anasikia pini ikigonga patupu, anafungua, anaiona chemba iko wazi, anadhani alisahau kuweka risasi, anaweka ya geji 12 iliyo sahihi nyuma ya ile asiyoiona, na anavuta tena. Ni kwa ajili ya ajali hii watengenezaji huzipa risasi za geji 20 ganda la njano, na bado nimewahi kuzikuta rangi zote mbili zimechanganywa kwenye mfuko mmoja wa koti. Kwenye bastola ya silinda hatari ina sura nyingine: kuvuta kifyatulio mara ya pili huizungusha silinda, na risasi iliyochelewa inahama kutoka kwenye mstari wa mtutu, hata ikilipuka huko kichwa chake hakina pa kupita.

Wapo wenzetu waliopitia mafunzo ya kivita, ambao mikono yao imezoezwa kwamba silaha ikigoma unagonga magazini, kile kikasha cha risasi, unavuta, unapiga. Sina ugomvi na mafunzo hayo. Yalitungwa kwa mtu anayefyatuliwa na adui, ambaye kwake sekunde 30 za kusimama ni hatari kubwa kuliko risasi iliyochelewa. Kiwanjani hakuna anayetufyatulia, na kibao cha shabaha kina subira. Naomba tu mtihani wa leseni useme wazi kwamba haya ni mazingira mawili tofauti, maana hivi sasa kila mgeni hujifunza kutoka kwa yeyote aliyesimama karibu naye siku hiyo.

Sasa tuseme nusu dakika imepita na risasi imelala kiganjani. Hapo kuna habari ndani yake, kwa anayejua kusoma. Alama ya pini ikiwa hafifu, mara nyingi kosa ni la silaha: springi imechoka, au grisi na masizi vimeganda kwenye njia ya pini; ingawa huweza pia kuwa fataki ya risasi haikukaa hadi chini kwenye nafasi yake. Alama ikiwa ya kina na bado risasi imegoma, basi ishuku risasi yenyewe, hasa kama imewahi kuloa, kukaa kwenye joto kali au kupakwa mafuta na mwenye bunduki anayependa kusafisha kupita kiasi. Risasi ndogo za .22 ni kundi la peke yake, kwa sababu hazina fataki ya katikati. Unga wake hutandazwa ndani ya ukingo wa ganda kwa kuzungushwa, na ukikosekana upande mmoja, pini ikagonga upande huo huo, hakuna kitu. Ndiyo maana hugoma mara nyingi zaidi, na ndiyo maana wapigaji wazoefu huizungusha kidogo na kuijaribu tena. Mzoefu akifanya hivyo, mtutu ukiwa mbele na muda umetimia, mimi hunyamaza. Mgeni simruhusu.

Habari hiyo inapotea yote. Kila boksi la risasi za kiwandani lina namba ya toleo, na viwanda huwa vinaitisha matoleo yenye kasoro yarudishwe, lakini kiwanda hakiwezi kuitisha toleo ambalo hakuna aliyelalamikia. Watu watatu wasiojuana wanaweza kuwa na risasi zilizogoma za toleo moja, kila mmoja akadhani ni bahati yake mbaya au bunduki yake imezeeka, na wote watatu wakazitupa. Pengine toleo hilohilo ndilo lenye risasi moja iliyotiwa baruti pungufu. Mahali pekee ambapo watu hao watatu wangekutana ni kwenye meza zenu.

Mkiniuliza wamiliki huzipeleka wapi, nitajibu kwa uaminifu, kwa kuwa mengine nimeyafanya mwenyewe nilipokuwa kijana. Kuna droo ya jikoni. Kuna ndoo ya taka, ambayo mwisho wake ni gari la taka lenye mtambo wa kukandamiza, au mikono ya mtoto anayechambua vya kung'aa. Kuna mfuko wa maganda matupu yanayouzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ambamo moja zima hupita bila kuonekana mpaka lifike kwenye tanuru. Kuna shimo nyuma ya nyumba na kuna mto, kana kwamba madini ya risasi na metali nzito zilizomo zikizikwa au kuzama zinakuwa zimekwisha. Wengine huzilowesha kwenye mafuta ya taa au mafuta ya mashine kwa wiki nzima na kuamini zimekufa. Hakuna awezaye kuthibitisha kifo hicho kwa macho, kwa sababu nyingi hupakwa lakiri mahali fataki inapokaa na mahali kichwa kinapoingia, kusudi unyevu usipite, na iliyoloweshwa inaweza kukataa leo na kukubali kesho. Wengine huishika kwa koleo na kuing'oa kichwa, wakisahau kwamba fataki ni kilipuzi chenyewe, cha ukoo uleule aliouanzisha mchungaji wa Uskoti, Alexander Forsyth, alipopata hataza mwaka 1807 ya kuwasha baruti kwa unga unaolipuka ukigongwa. Unga wa namna hiyo haujali kama anayeugonga ni pini au koleo.

Na kuna moto. Hapa nataka kusahihisha imani mbili kwa pamoja, maana moja inawatia watu hofu isiyo na msingi na nyingine inawatia ujasiri usio na msingi. Risasi ikilipuka nje ya silaha, pasipo chemba ya kuibana wala mtutu wa kuielekeza, haitupi kichwa chake kwa nguvu ya bunduki. Ganda, lisilobanwa na kitu, hupasuka, na vipande vyake ndivyo vinavyoruka, pamoja na fataki. Kwa hiyo si kweli kwamba risasi kwenye jalala linalochomwa itamuua mtu aliye mbali. Lakini mtu anayeichoma hakai mbali; anachochea kwa kijiti, uso uko juu ya moto, na kipande cha shaba chenye ncha hakihitaji nguvu ya bunduki ili kutoa jicho.

Wiki ile ya yule kijana nililichukua kopo langu. Kila risasi niliivingirisha kwenye karatasi, nikaandika juu yake aina, namba ya toleo pale nilipokuwa nayo, na tarehe iliyogoma, kisha nikaenda kwenye ofisi moja yenye mamlaka ya kupokea silaha, ambayo sitaitaja kwa kuwa kosa si la aliyekuwa zamu. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniuliza kama nimeziokota. Nikasema hapana, ni zangu, zimegoma. Akauliza kama ninasalimisha silaha. Nikasema silaha ninaendelea nayo, ninasalimisha hizi tu. Alifungua daftari, akapitisha kidole juu ya safu zake, akakuta ya zilizookotwa na ya zilizosalimishwa pamoja na silaha, akalifunga. “Mzee wangu, ukiziacha hapa itabidi nieleze zimetoka wapi. Huwezi kujaribu tu kuzipiga tena?” Nilimshukuru nikarudi nazo, na njiani niliwaza kwamba mtu mwenye subira kidogo kuliko yangu angelikuwa amezitupa kwenye mtaro kabla ya kufika nyumbani.

Kilicho nyuma ya maneno yale ni hofu, na hofu hiyo ni ya pande zote mbili za meza. Pale ambapo risasi zinahesabiwa, mmiliki anayerudisha 11 anahofia kuulizwa kwa nini hesabu yake haikai sawa, na afisa anayezipokea anahofia kuulizwa alizipata vipi. Njia rahisi kwa wote wawili ni risasi hizo zisiwepo. Basi mmiliki huandika kwamba zimetumika, na kwenye karatasi zinakuwa zimetumika, huku ziko kwenye droo. Daftari linalodanganya kwa namna hiyo lina madhara makubwa kuliko kopo langu.

Ninachoomba, kwanza, ni safu. Pawe na neno “iliyogoma” kwenye daftari la mmiliki na kwenye daftari la ofisi, ili risasi hiyo ipunguzwe kwenye hesabu kwa jina lake halisi, ipokelewe kwa saini mbili, na aliyeirudisha asigeuzwe mtuhumiwa kwa kutii. Safu hiyo iwe na nafasi ya namba ya toleo.

Pili, kila kiwanja chenye kibali kiwe na sanduku lililowekwa alama, linalofungwa, lililo mbali na jua na mbali na risasi nzima, na msimamizi awe ndiye pekee anayeweka kitu humo. Lisiwe pipa la kutupia. Risasi zipangwe zikiwa zimetenganishwa, ncha ya moja isikae kwenye kitako cha nyingine, kwa sababu ileile inayofanya bunduki zenye magazini ya mrija zitumie risasi za kichwa bapa: ncha kali ikisukumwa kwenye fataki hufanya kazi ya pini. Kopo langu mwenyewe halikukidhi sharti hili mpaka nilipolitengenezea vyumba vya kadibodi, na ninakiri nilichelewa. Baada ya kazi hiyo mtu anawe mikono kabla ya kula, maana risasi na fataki nyingi zina madini ya risasi, na madini hayo huingia mwilini kimyakimya.

Tatu, yule anayekusanya masanduku hayo awe mtaalamu wa milipuko aliyepewa kazi hiyo kwa maandishi na kwa ratiba, mwenye tanuru lililojengwa kwa ajili hiyo au mwenye njia ya kulifikia. Umoja wa Mataifa huziweka risasi za silaha ndogo katika daraja la 1.4S, namba UN 0012, daraja ambalo maana yake ni kwamba zikiwa zimefungwa ipasavyo, madhara yakitokea hubaki ndani au karibu sana na kifurushi. Uzito wa maneno hayo uko kwenye “zimefungwa ipasavyo”. Risasi zilizogoma zikizagaa kwenye mfuko wa plastiki hazijafungwa ipasavyo, na wala posta si njia yake. Kumwambia mmiliki azisafirishe mwenyewe hadi mji mwingine ni kumpa kazi ambayo nyinyi wenyewe msingemruhusu dereva asiye na kibali kuifanya.

Mtihani wa leseni nao uongezewe nusu saa. Mwombaji apewe silaha yenye risasi ya mazoezi isiyo na baruti, bila kuambiwa, ili mwalimu aone mtutu unakwenda wapi inapogoma. Nusu saa hiyo itamfundisha zaidi ya kurasa zote za kijitabu.

Ninajua kwamba mambo haya hayakosi watu wa kuyafikiria huko juu. Miongozo ya Kiufundi ya Kimataifa kuhusu Risasi na Zana za Milipuko ilitolewa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2011, na mwezi Desemba 2023 Baraza Kuu lilipitisha mfumo wa kimataifa wa kusimamia zana hizo tangu zinapotengenezwa hadi zinapoharibiwa. Nimefurahi kuona neno “hadi”. Uzito wa nyaraka hizo, hata hivyo, uko kwenye maghala ya serikali, yenye tani na walinzi, ambako ajali ikitokea huangusha mitaa. Raia mwenye risasi 11 hahesabiki kwenye kipimo hicho, nami sidai ahesabiwe. Ninadai kwamba raia hao ni wengi, kila mmoja amefungiwa na sheria kabati lenye kufuli, na hakuna aliyemwonyesha mlango wa kutolea.

Tangu nirudi na kopo, risasi 11 zimekuwa 13. Zimekaa katika vyumba vyao vya kadibodi, kwenye rafu ya peke yake ndani ya kabati, na orodha yake nimeiambatisha kwenye nakala ya barua hii niliyoipeleka kwenye masijala yenu. Sijaziandika kwamba zimetumika. Ninaomba jibu litakalotaja mlango, siku na saa, nami nitazileta.

Ndimi wenu,

Mmiliki wa silaha na msimamizi wa mstari wa kufyatulia